Bakuli la Kwanza la Kumbikumbi

Nyumbani kwa baba yangu nilipasikia kabla sijapaona. Nilikuwa nimeshuka basi Funyula alasiri moja ya msimu wa masika, nikiwa na sanduku la mbao ambalo baba alinitengenezea kutokana na kasha kuukuu la chai, na nilikuwa nikipanda njia ya mlimani nyuma ya mama mmoja ambaye kondakta alimwomba anifikishe. Mvua ilikuwa imenyesha adhuhuri ikaacha. Jua lilikuwa limerudi, na udongo mwekundu ulikuwa ukitoa mvuke wenye harufu ya mizizi na samadi. Kutoka kila upande wa mlima nilisikia vijiti vikigonga mbao kavu, ta-ta-ta, ta-ta-ta, bila kupumzika, kama mvua inayoanza juu ya bati. Nilimwuliza yule mama kama kuna harusi. Alicheka mpaka akashika mti. "Harusi ya nani, mwanangu? Watu wanawaita kumbikumbi watoke. Kwani wewe umezaliwa wapi?" Nikamwambia nimezaliwa Malaba. "Aa," akasema, kana kwamba jibu hilo lilitosha, akaendelea kupanda.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Baba yangu, Sanya, alikuwa fundi wa baiskeli Malaba, kando ya barabara inayoteremka kwenda kwenye daraja la mpakani. Tulikaa katika chumba kimoja cha kupanga, katikati ya Wateso, Wajaluo, Waganda waliouza ndizi na Wakikuyu waliouza viazi, na sisi watoto tulizungumza Kiswahili na Kiteso cha kuchezea mpira. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kwao ni wapi, kwa sababu kila mtu alikuwa ametoka mahali pengine. Lakini baba aliposema "nyumbani," nilijua hasemi juu ya kile chumba chetu. Alilitamka neno hilo akiwa amegeuza uso kuelekea kusini, hata mikono yake ikiwa ndani ya beseni la maji akitafuta tundu la mpira. Mimi nilikuwa nimefika huko mara mbili tu, nikiwa mdogo wa kubebwa, na sikukumbuka chochote.

Mwaka huo serikali ilikuwa ikipima mashamba ili kila mtu aandikiwe kipande chake. Kipande cha baba kilikuwa chini ya kaburi la babu, kuelekea kijito. Hapakuwa na nyumba yake pale, maana alihamia Malaba kabla ya kujenga. Palikuwa na mihogo aliyolima nyanya yangu, na katikati ya mihogo hiyo palikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu mzima. Kila masika baba alifunga kibanda chake cha kazi kwa siku chache akaenda kukifunika kichuguu hicho na kuvuna kumbikumbi. Mwaka huo mama alikuwa mjamzito na mgonjwa, na baba hakuweza kumwacha. Kwa hiyo alinituma mimi. Alinikalisha juu ya kiti cha wateja akaniambia polepole, kama mtu anayemwonyesha mwanafunzi jinsi ya kunyoosha rimu: "Egesa, safari hii wewe ndiye mimi. Ukikifunika wewe, nimekifunika mimi. Bakuli la kwanza mpelekee Kukhu, nyanya yako, kwa mkono wako, watu wakiona. Wapimaji wametangazwa kufika Ijumaa ya mwisho ya mwezi, na siku hiyo nitakuwepo. Kazi yako ni kichuguu tu."

Kwa wasioujua utaratibu huu, nieleze kidogo. Upande wetu kichuguu kina mwenyewe, sawa na ng'ombe. Anayekifunika msimu baada ya msimu, na kupeleka bakuli la kwanza kwa mkubwa wa boma, ndiye anayejulikana kuwa mwenye kile kipande cha ardhi. Wakati ule hapakuwa na karatasi. Palikuwa na kaburi, palikuwa na mti uliopandwa mpakani, na palikuwa na kichuguu. Mtu angeweza kukaa mbali miaka ishirini, lakini maadamu kila masika mkono wa nyumba yake ulionekana ukigonga pale, hakuna aliyethubutu kusema ameondoka. Mtu mwingine akikifunika, naye mwenyewe akatazama bila kusema neno, basi amekitoa. Baba alikuwa ameniambia hayo yote. Siwezi kusema leo kwamba sikujua.

Nyanya yangu, ambaye tulimwita Kukhu, alinipokea kwa mikono yote miwili na kunipeleka moja kwa moja kwenye kaburi la babu kabla hata sijanywa maji. "Mwambie umefika," akasema. Nikasimama pale nikiwa sijui niseme nini kwa rundo la mawe. "Shikamoo," nikasema, na Kukhu akacheka kwa furaha kubwa. "Hiyo ataizoea," akasema. Nyumba yake ilinuka moshi, samaki mkavu kutoka ziwani, na udongo uliosiribwa upya kwa samadi. Alipika ugali mweusi wa mtama na muhogo ambao mwanzoni uliniganda kooni, na nilipokula alinitajia majina. Sanya, mwana wa fulani, mwana wa fulani, aliyevuka mto Sio akiwa na mbuzi watatu. Kila asubuhi alinitaka niyarudie. Nilikuwa mwepisi wa kukariri, na kufikia wiki ya kwanza niliyajua yote hadi kwa yule wa mbuzi. Lakini kujua majina hakukunisaidia chochote nje ya nyumba ile.

Nje walikuwepo watoto wa ukoo, na mkubwa wao kwa sauti alikuwa Wandera, mtoto wa Baba mkubwa Ojiambo, kaka wa baba yangu. Wandera alikuwa mdogo wangu kwa miezi kadhaa, lakini alinipita urefu kwa kichwa kizima. Walipojua kazi ya baba yangu waliniita Mtoto wa Pancha. Nikipita, mmoja alitoa sauti ya upepo unaotoka kwenye mpira, "psss," na wengine wakainama kana kwamba baiskeli imewaishia upepo. Walicheka Kisamia changu, lugha ya kwa baba ambayo niliizungumza kama mtu anayetafuna mchanga. Walicheka viatu vyangu. Niliogopa siafu, sikujua kukamua, na nilipotumwa kuleta kamba ya mbuzi nilileta mbuzi mwenyewe. "Huyu si wa hapa," Wandera aliwaambia wenzake, nami nikiwa nimesimama palepale. "Huyu ni mgeni wa Kukhu." Hakulisema kwa ubaya hasa. Alilisema kama mtu anayetaja rangi ya ng'ombe, na ndiyo sababu liliniuma.

Siku ya kukifunika kichuguu ikafika. Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi wale mchwa wadogo walikuwa wameanza kutoboa vitundu ubavuni mwa kichuguu, vikiwa na unyevunyevu mdomoni. Kukhu alinipa mablanketi mawili na majani ya migomba akanielekeza: pinda fito, zizungushe, funika kote pawe giza, acha tundu moja la mwanga, na mbele ya tundu hilo chimba shimo lililotandikwa jani. Kumbikumbi watafuata mwanga na kuanguka shimoni. Kisha laza gogo kavu ugonge, usiache kugonga, mpaka waliomo chini wadhani ni mvua. Nilikataa anisaidie. Nilitaka kufanya mwenyewe, kama baba. Fito zangu zilifyatuka mara tatu. Mchwa askari, wale wenye vichwa vyekundu, waling'ata vidole vyangu vya miguu mpaka damu ikatoka. Nilipopata kibanda kisichosimama vizuri, nikakaa nikaanza kugonga, na kundi zima la kina Wandera lilikuwa limekaa kwenye kingo za shamba likinitazama kama watu waliokuja kwenye sarakasi.

"Unawapigia matanga?" Wandera akauliza. "Hivyo hawatoki. Hivyo wanalia." Wakacheka wote. Niligonga kwa kasi zaidi, na fito moja ikafyatuka tena, blanketi la Kukhu likaanguka kwenye tope. Nakumbuka nilikuwa karibu kulia. Wandera akaja akachuchumaa mbele yangu. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayefanya biashara. "Tuachie sisi," akasema. "Tukikifunika sisi, kuanzia leo utagonga pamoja nasi vichuguu vyote. Na hakuna mtu atakayekuita tena Pancha. Mimi nitampiga." Nilitazama njia ya nyumbani. Kukhu hakuwa akionekana. "Chukueni," nikasema. Wandera hakuridhika na hilo. Alikuwa mtoto wa pale, alijua uzito wa jambo. "Unatupa?" akauliza. "Sema wenzangu wasikie." Nikasema, "Nimewapa."

Lazima niandike ukweli kuhusu siku zilizofuata, ingawa ingekuwa rahisi kusema nilijuta papo hapo. Sikujuta. Zilikuwa siku za furaha kuliko zote za utoto wangu. Mikono ya Wandera ilikisimamisha kibanda kile kwa muda mfupi, na tulipogonga sote watano kwa mpigo mmoja kichuguu kikaanza kutetemeka kwa ndani. Kisha wakatoka, kwanza mmoja mmoja, halafu kama maji ya kahawia yenye mabawa, wakimwagika shimoni wakisukumana. Tulicheka, tulijaza ndoo, tulikula wengine wabichi, na mafuta yao yalitutiririka kidevuni. Nilijifunza kugonga. Nilijifunza kukimbia pekupeku, kutambua kichuguu kilicho tayari kwa kukinusa, na kutukana kwa Kisamia sahihi. Tulikwenda kutoka kichuguu hadi kichuguu, na mtu akiniuliza mimi ni wa nani, Wandera alijibu kabla yangu: "Ni wetu." Harufu ya kumbikumbi wakikaangwa bila mafuta kwenye kikaango cha chuma, chumvi kidogo ikirushwa juu, na mabawa yakipepetwa na kuruka uani kama theluji ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona: kwangu hiyo bado ndiyo harufu ya kuwa na watu.

Bakuli la kwanza kutoka kichuguu cha baba alilibeba Wandera, kwa sababu ndiye aliyekifunika. Mimi niliingia nyuma yake nikiwa na vijiti mkononi. Kukhu alilipokea, maana bakuli haliwezi kukataliwa, lakini alinitazama mimi juu ya bega la Wandera, akanitazama muda mrefu. "Egesa," akasema, "umegonga?" Nikajibu, "Nimegonga, Kukhu." Na huo ulikuwa ukweli. Hakuuliza zaidi. Nadhani alijiambia kwamba tumefanya pamoja, na kwamba watoto wakifanya pamoja hakuna ubaya.

Wapimaji hawakuja Ijumaa. Walikuja Jumanne, siku tatu kabla, kwa sababu walikuwa wamemaliza kijiji cha jirani mapema. Walikuwa watu wawili wenye mnyororo wa chuma, kijana wa kubeba vigingi, na nyuma yao wazee wa kamati ya ardhi kama sita, wakitembea polepole na fimbo zao. Walipofika chini ya kaburi la babu, mmoja wa wazee, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu, aliuliza kipande hiki ni cha nani. Kukhu akajibu haraka, "Cha Sanya, mwanangu. Anakuja Ijumaa." Baba mkubwa Ojiambo hakusema neno. Nataka hilo lijulikane. Alisimama mikono nyuma, akitazama ardhi. Yule mzee akakizunguka kichuguu, akaona mashimo ya fito bado mabichi. "Kimefunikwa msimu huu," akasema. "Bakuli la kwanza lilitoka kwa nani?" Kukhu alikuwa mwanamke wa kanisa na hakusema uongo. "Lililetwa na Wandera," akasema. "Lakini huyu mtoto wa Sanya alikuwepo. Mwulizeni. Sema, Egesa."

Wote wakanigeukia. Yule mzee aliinama mpaka nikaona nywele nyeupe ndani ya pua yake. "Mtoto," akasema kwa upole, "kichuguu hiki ni cha nani?" Nilimwona Wandera na wenzake wamesimama upande wa mihogo. Kama ningesema ni cha baba, swali la pili lingekuwa: basi kwa nini wengine wamekifunika? Ningelazimika kusema mbele ya Kukhu kwamba nilikitoa kwa mdomo wangu ili nisiitwe Pancha. Na jioni hiyohiyo ningerudi kuwa Pancha. Hayo ndiyo niliyoyapima, nayo yalichukua muda mfupi sana. "Ni cha kina Wandera," nikasema. Mnyororo ukanyooshwa. Kigingi cha mpaka wa baba yangu hakikupigwa, na kipande kikaunganishwa na cha kaka yake. Kukhu alikaa chini, hapo hapo kwenye mihogo, miguu ikiwa imenyooshwa mbele kama mtoto.

Ijumaa baba alifika na baiskeli ya mteja, amevaa koti lake moja. Kukhu alimweleza aliyoyajua. Baba hakupiga kelele. Alinichukua kando, nyuma ya ghala la nafaka, akachuchumaa mbele yangu kama Wandera alivyochuchumaa. "Niambie tu ilivyokuwa," akasema. Alikuwa ananipa mlango. Baba yangu hakuwa mkali, hakuwahi kunipiga zaidi ya mara mbili, na bado niliogopa. "Baba mkubwa alikichukua kwa nguvu," nikasema. "Aliniambia nikisema nitaona." Maneno yale yalinitoka yakiwa yamepangika vizuri kabisa. Sijui yalikuwa yamekaa wapi. Baba alisimama. Kaka yake alikuwa amekaa mlangoni kwake, umbali wa hatua hamsini, akiinua mkono kumsalimu. Baba alimtazama, hakuinua wake. "Twende," akaniambia. Kukhu alitufuata hadi njiani akiwa na ungo wa kumbikumbi wakavu wa kumpelekea mama, na baba akaupokea, akaufunga kwenye keria, hakusema kwaheri.

Watu walimshauri apeleke malalamiko, maana muda wa kupinga ulikuwepo. Alikataa. "Siwezi kumshtaki mtoto wa mama yangu kwa mzungu wala kwa mweusi," alisema. "Kama anataka nitoke, nimetoka." Kukhu alipofariki miaka miwili baadaye, tulikwenda, na baba alisimama kwenye ukingo wa shamba mpaka mazishi yakaisha, kama mtu aliyepita njia akakuta msiba. Baba mkubwa alimwendea mara moja na kikombe cha chai. Baba alikipokea, akakiweka juu ya jiwe, kikapoa. Nililiona hilo kwa macho yangu, nikiwa na miaka kumi na mitatu, na ulimi wangu ukiwa mzima kinywani. Hiyo ilikuwa nafasi ya kwanza niliyoiacha ipite. Zilifuata nyingine nyingi.

Nilisoma hadi kidato cha nne. Nikawa karani wa kuandika mizigo ya malori Malaba, kazi niliyoifanya mpaka foleni za malori zikawa ndefu kuliko kijiji, na baadaye mitambo ikachukua nafasi ya kalamu yangu. Nilioa, nikajenga nyumba ya matofali karibu na reli, nikapata watoto wanne ambao wote huandika Malaba wanapoulizwa kwao. Baba alizeeka akiwa nami. Alipokuwa mahututi niliketi kando ya kitanda chake nikiwa mtu mzima mwenye mvi, nikasema moyoni, leo. Akafumbua macho akasema, "Msinipeleke kwa watu." Nilielewa. Alikuwa na maana kwamba tusimpeleke kwa kaka yake. Ningeweza kumwambia pale pale kwamba kwa kaka yake hakukuwa na ubaya wowote, kwamba ubaya ulikuwa mimi. Nilimpangusa midomo kwa kitambaa. Tulimzika katika makaburi ya mji, kati ya dereva mmoja aliyefia njiani na mama ambaye jina lake limeshafutika kwenye kibao. Wasamia wazee waliokuja walitikisa vichwa. Mtu wa kwetu hazikwi hivyo, kama mzigo uliokosa mwenyewe. Nami nilisimama nikipokea rambirambi.

Masika ya mwaka huu nilikwenda. Siku hizi barabara ina lami, na pikipiki ilinipeleka hadi mlangoni. Wandera alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja umevimba, akichambua maharagwe. Alinitambua kabla sijaongea. "Pancha," akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Umechelewa, mzee. Nimekungoja mpaka nimeota meno ya daktari." Tulikunywa chai. Kisha nikamwambia nimekuja kusema jambo. Nilianza na kichuguu, akapunga mkono. "Hilo tulifanya wote. Nililijua, nikanyamaza. Baba aliniuliza nikamwambia ulitupa, akasema basi, Sanya akija kuongea naye atamrudishia. Akangoja Sanya aje." Ndipo nikamwambia lile la nyuma ya ghala, kwamba nilimdanganya baba yangu kuwa Baba mkubwa alikichukua kwa nguvu na kunitisha. Hilo Wandera hakulijua. Alikaa na ganda la haragwe mkononi. "Baba alikufa akiuliza," akasema. "Kila Krismasi. Nimemkosea nini Sanya? Aliuliza mpaka tukachoka kumsikia." Akainuka kwa taabu, akashika fimbo yake, akaenda kwenye zizi la ng'ombe, akakaa huko. Nilibaki na kikombe changu. Niliwaza kwamba hiki ndicho kikombe kilichowekwa juu ya jiwe, na kwamba nikiambiwa niondoke nitaondoka.

Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na sauti yake kavu. "Shamba siwezi kukupa," akasema. "Lina hati, na wanangu wawili wamejenga." Nikamwambia sikuja kwa ajili ya shamba. "Najua. Nasema tu, usije ukafikiri ninasahau." Akatazama mbingu. "Mvua ya asubuhi ilikuwa nzuri. Unakumbuka kugonga au Malaba imekutoa mikono?"

Kichuguu bado kipo, ingawa kimekatwa ubavu mmoja kufyatulia matofali, na mahali pa mihogo pana mahindi na nyumba ya bati la buluu. Watoto siku hizi hawafuniki sana. Kumbikumbi wanauzwa kwa kikombe sokoni Busia, na wajukuu wangu wakiwaona wanaziba pua. Ardhi ina namba, namba iko kwenye karatasi, na karatasi iko ndani ya sanduku. Hakuna mzee atakayezunguka tena kutafuta mashimo ya fito. Labda ni bora hivyo. Karatasi haiwezi kutolewa na mtoto anayetaka marafiki. Lakini zamani mtu aliyekaa mbali aliweza kubaki wa nyumbani kwa kugonga siku moja kila mwaka, na sijui siku hizi watoto wangu wagonge nini. Wandera alishika fito, mimi nikazifunga, mkwe wake akaleta blanketi, tukagonga wazee wawili kama wendawazimu, tukipumzika kwa zamu. Walitoka wachache. Walitosha kikaango kimoja.

Kwa kawaida bakuli la kwanza hupelekwa kwa mkubwa wa boma. Wandera alimpa mjukuu wake, msichana wa miaka saba hivi anayeitwa Nabwire kwa jina la Kukhu, naye akasimama nalo katikati ya uwanja, hajui aende wapi, maana babu yake alikuwa akimwelekeza kwa kidevu upande wangu. Mimi ndiye niliyemzidi Wandera kwa ile miezi. Mtoto akaja, akapiga goti, akaniwekea bakuli mikononi. Lilikuwa la moto. Alinitazama usoni, mgeni huyu asiyemjua, kisha akatazama kule mahindini. "Babu," akaniuliza, "kile kichuguu ni cha nani?" Wandera, aliyekuwa amerudi kwenye maharagwe yake, aliacha kuchambua. Hakunisaidia.

"Ni cha baba yangu," nikasema. "Anaitwa Sanya." Mtoto akatikisa kichwa kwamba amesikia. Nikachukua wachache kwa vidole, nikala.